Vifaranga wa Mke wa Munitere

Bata wa Ernestine aliangua vifaranga kumi na mmoja juma lile lile watu walipokuwa wakifagia barabara kwa ajili ya ajenti mpya wa Bulamatari, serikali ya Wabelgiji. Ulikuwa mwaka wa arobaini na tatu. Wazungu walikuwa wanapigana vita huko kwao, na kwa sababu ya vita hivyo watu wa upande wa Lusangi walikuwa wamerudishwa porini kugema mpira, kazi ambayo wazee walidhani imezikwa pamoja na baba zao.

Ernestine hakuwa mtu wa pale. Alizaliwa Kasongo, akasoma kwa masista, akatoka huko anajua kusoma Kiswahili vizuri na Kifaransa cha kuombea maji. Mumewe André alikuwa munitere wa pamba. Kazi yake ilikuwa kupita shamba kwa shamba kuonyesha watu namna ya kupanda na kupalilia, na jina la asiyepalilia kulipeleka kwa agronome, bwana shamba wa Kizungu. Agronome naye alijua pa kulipeleka. Ndiyo maana miaka miwili ilipita tangu wahamie kijiji kile, na Ernestine hakuwa na rafiki hata mmoja. Watu walimsalimu vizuri. Walimsalimu vizuri kupita kiasi. Akifika mtoni kuchota maji, mazungumzo ya wanawake yaligeuka ghafula yakawa ya mvua.

Bata mwenyewe aliachwa na agronome wa zamani aliporudi kwao. Alimpa André wawili, dume na jike. Dume aliliwa Pasaka. Jike akajificha nyuma ya ghala ya mbegu, akalalia mayai yake kimya, na siku alipotokea na watoto wake nyuma, kazi ilianza. Waliingia kwenye mbegu za pamba zilizoanikwa. Walikoroga maji ya kunywa. Waliacha mavi kizingitini, mahali ambapo ajenti angeweka kiatu chake.

"Ondoa hizi bata hapa," André alisema. "Muzungu akikuta mavi juu ya mbegu, ni mimi watalaza chini wanipige fimbo."

"Nitawapeleka Kasongo kwa dada yangu."

"Hapana." André alifikiri kidogo. "Gawia jirani. Kila nyumba bata moja. Na usisimame barabarani kuita watu kama polisi. Ingia mpaka nyuma, ukae, uzungumze nao."

Ernestine alimtazama. Mumewe hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga, na mshahara wake hakuunywa. Lakini hakuwa mtu wa kugawa. Hata chumvi aliipima kwa macho. Neno lile "uzungumze nao" lilimkaa Ernestine kichwani kama mchanga kwenye bugali. Hata hivyo alichukua kitunga, akawatia vifaranga, akatoka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Amisa, mjane wa Kiislamu aliyekaa ng'ambo ya barabara. Amisa alikuwa anamenya muhogo. Aliinua macho, akaona kitunga, akaona vichwa vya manjano vinachungulia.

"Hodi, mama Amisa."

"Karibu, mama Pascaline." Pascaline alikuwa binti pekee wa Ernestine, aliyebaki Kasongo kwa masista. "Hiyo ni nini?"

"Watoto wa bata. Wamekuwa wengi kwangu. Nimekuletea mmoja."

"Bata ya nani?"

"Yangu."

"Yako, ama ya Bulamatari?"

"Yangu, mama."

"Muzungu ndiye alikupa mama yao."

"Alitupa, ndiyo. Lakini alikwenda zake."

"Wazungu wanakwenda," Amisa alisema, akirudi kwenye kisu chake. "Vitu vyao vinabaki kuwangoja. Asante, mama. Bata ananuka, mimi kifua changu hakiwezi."

Kifua chake kilikuwa kinaweza moshi wa kukaushia samaki tangu alfajiri mpaka jioni. Ernestine aliinua kitunga chake. Alikwenda nyumba ya pili.

Hapo palikuwa kwa Musafiri, mtu mrefu mwenye makovu ya utomvu mikononi, ambaye siku hiyo alikuwa ametoka porini na mzigo wake wa mpira. Alimkaribisha mgeni mpaka nyuma ya nyumba, akampa kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Juu ya nini unanipa bure?"

"Wananisumbua tu, baba."

"Mama, mbegu za pamba walitupa bure. Muzungu alisimama pale, akasema, chukueni, ni zawadi. Unajua zile mbegu zilizaa nini? Zilizaa fimbo." Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Nikichukua hii bata leo, kesho itakuwa bata ya nani? Na ikifa?"

Ernestine alizunguka nyumba sita siku hiyo. Mmoja alikuwa na mbwa mkali, mwingine alikuwa anasafiri, wa tatu alisema mizimu ya ukoo wake haikubali ndege wa majini. Mlango mmoja ulifungwa kabla hajafika. Alirudi na vifaranga kumi, maana mmoja alichukuliwa na mwewe njiani. Hata mwewe hakuuliza maswali.

Wakati wa kula, André aliuliza, "Nani alikubali?"

"Hakuna."

"Hata Musafiri? Uliingia mpaka nyuma?"

"Niliingia."

"Iko na tundu la kuku?"

"Liko nyuma ya jiko. Kuku saba, na jogoo mwekundu mkubwa."

André alimega bugali, akachovya kwenye sombe ya majani ya muhogo, akala. "Ujaribu tena kesho," alisema.

Kesho yake Ernestine hakubeba kitunga. Alikwenda kwa Amisa mikono mitupu, akaketi chini, akachukua kisu cha pili. Walimenya muhogo mpaka jua likapanda. Amisa alimtazama mikono: ilimenya kama mikono ya mtu aliyezaliwa na jembe. Mwishowe akasema:

"Wewe ni mutu wa Kasongo, hujui namna yetu. Ukinipa kitu bure, nitalala macho wazi. Nitajiuliza, anataka nini huyu? Lakini ukiniambia, Amisa, nifugie bata huyu, akizaa tugawane nusu kwa nusu, hapo najua unachotaka. Nitalala."

"Basi nifugie, mama Amisa."

"Mulete."

Ikawa hivyo. Habari ilitembea. Kesho kutwa mke wa Musafiri mwenyewe alikuja kuomba kifaranga wa kufuga nusu kwa nusu, huku mumewe akinung'unika nyuma yake. Wengine wakafuata. Katika siku tano Ernestine aliwapatia vifaranga wanane makao, na kila nyumba aliingia mpaka nyuma kuchagua mahali pakavu pa kuwalaza, kuonyesha namna ya kuwawekea maji kwenye kigae. Walimpa ndizi. Walimpa habari za watoto wao. Mtoni, mara ya kwanza katika miaka miwili, mazungumzo hayakugeuka alipofika. Yaliendelea tu, na yalikuwa ya mume wa mtu fulani, na yalikuwa matamu.

Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha husema sana. Kila jioni André aliuliza, naye alijibu. Nani ana kuku wangapi. Nani amewaficha kwenye kibanda cha shamba. Amisa anawalaza wake ndani, chini ya kikapu. Alisimulia kama mtu anayesimulia safari.

Siku ya Jumatano alikuwa anafua nguo mtoni. Katika mfuko wa kaputula ya André alikuta kaye, daftari ndogo aliyoisahau, ile ya kuandikia mashamba. Aliifungua ili akurasa zisilowe. Hakukuta mashamba.

"Musafiri. Kuku saba, jogoo moja. Nyuma ya jiko."

Alisoma mara mbili. Kisha akafunua ukurasa. "Amisa. Kuku tano. Ndani, chini ya kikapu." Ukurasa wa tatu, wa nne. Nyumba zote nane zilikuwapo. Hakuna neno lililoongezwa, hakuna lililopunguzwa. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, imeandikwa kwa mwandiko wa mumewe.

Juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na mstari wa Kifaransa, na Kifaransa chake kilitosha: kuku na mayai kwa ajili ya kambi ya wachimbaji, Ijumaa.

Aliketi juu ya jiwe, miguu ndani ya maji. Kwanza alitafuta njia ya kumtetea André. Labda aliandika tu. Labda kaye ni ya jambo lingine. Mtu aliyekaa na mumewe miaka kumi na mbili hapendi kumdhani mwizi wa maneno yake. Akaona afadhali amrudishie kaye kama mtu ambaye hakuifungua, kisha amjaribu.

Jioni ile, kabla hajaulizwa, alisema: "Nilipita kwa Zéphirin leo."

Zéphirin alikuwa katekista, mtu mkavu aliyeishi peke yake karibu na kanisa la nyasi. Hakufuga hata panya.

"Halafu?" André aliuliza.

"Eh! Kuku ishirini. Anawaficha chini ya kitanda."

André aliacha kutafuna. "Katekista?"

"Chini ya kitanda," Ernestine alisema tena, akatazama chakula chake.

Asubuhi ya Alhamisi, André alipokuwa anaoga nyuma ya nyumba, Ernestine aliichukua kaye mfukoni. Wino ulikuwa mpya. "Zéphirin. Kuku makumi mbili. Chini ya kitanda."

Sasa alijua. Alirudisha kaye, akafunga kitenge chake vizuri, akavuka barabara.

Amisa alimsikiliza bila kumkatiza. Kifaranga wake, aliyeanza kuota manyoya meupe shingoni, alikuwa anazungukazunguka kati ya miguu yao.

"Basi ni wewe," Amisa alisema.

"Ni mimi. Lakini sikujua."

"Mimi nilijua." Amisa alisema bila hasira, na hilo lilimuuma Ernestine kuliko tusi. "Siku ya kwanza nilisema, huyu ametumwa. Halafu ukaja ukamenya muhogo mpaka kitunga kikajaa, nikasema, labda mutu aliyetumwa hamenyi hivi. Nikajidanganya."

"Wanakuja kesho, mama."

"Kesho asubuhi?"

"Ijumaa, imeandikwa. Saa sijui."

Amisa aliinuka. "Basi kwa nini tumekaa?"

Hawakungoja giza. Usiku polisi wa chefu huzunguka. Mchana wanawake hupita na vitunga, na hakuna anayetazama kitunga cha mwanamke. Amisa alipita nyumba moja, mke wa Musafiri akapita nyingine. Kuku walifungwa miguu, wakafungwa midomo kwa nyuzi za mugomba, wakalazwa ndani ya vitunga na kufunikwa majani ya muhogo. Wanawake walitoka mmoja mmoja kwenda mashamba ya mbali, ng'ambo ya kijito, kama siku zote.

Mke wa Musafiri hakutaka Ernestine abebe. "Mwache," Amisa alisema. "Akitaka kutusaliti, hana haja ya kubeba." Wakampa kitunga chenye jogoo mwekundu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mzito na ndiye aliyekuwa hatari. Ernestine alielewa kwamba ni mtihani.

Kwenye kona ya barabara, pale wanaume walipokuwa wanaziba mashimo, André alikuwa amesimama na kofia yake ya kazi. Alimwona mkewe. Akamfuata hatua chache.

"Unakwenda wapi?"

"Shambani kwa Amisa. Ananifundisha kupanda karanga."

"Na kitunga?"

"Sombe."

"Unapeleka sombe shambani?"

 Kitunga kilisogea juu ya kichwa cha Ernestine. Alihisi kucha zikikwaruza chini ya majani, polepole, kama mtu anayepiga hodi. André naye alikuwa anakitazama. Mwanamume mmoja barabarani aliacha kupiga jembe. Wakasimama hivyo, mume na mke, na kila mmoja akaona kwamba mwenzake anajua jambo. Lakini kiasi gani anajua, hakuna aliyeweza kupima.

"Usichelewe," André alisema, akarudi kwa watu wake.

Njia nzima mpaka kijito Ernestine aliwaza: hakuona? Au aliona akaogopa kuona?

Ajenti alifika Ijumaa jua likiwa juu, ndani ya lori, pamoja na polisi wanne na matundu matupu ya kubebea kuku. Alikuwa kijana, shingo nyekundu, na hakushuka kuangalia pamba wala mbegu. Alinyoosha mkono, André akampa kaye. Kijiji kizima kiliitwa barabarani.

"Musafiri!" ajenti alisoma.

"Niko hapa, bwana."

"Kuku saba na jogoo."

"Kuku? Mimi?" Musafiri alionyesha mikono yake. "Mimi ni mutu wa mpira, bwana. Nafuga saa ngapi?"

Polisi waliingia nyuma ya jiko. Walitoka na kifaranga mmoja wa bata, analia. Kwa Amisa walipindua kikapu, wakakuta kifaranga wa bata. Nyumba ya tatu, kifaranga. Ya nne, kifaranga. Kila polisi alipotoka amebeba mnyama mdogo yule kwa shingo, minong'ono ilipita katikati ya watu, na ajenti akazidi kuwa mwekundu. Hakuna lori linalotumwa toka Kasongo kubeba vifaranga wa bata.

Kisha akasoma jina la Zéphirin.

Ernestine alikuwa amesahau. Siku nzima ya Alhamisi alihesabu nyumba nane kichwani, na ile ya tisa, aliyoizaa mwenyewe kwa uongo, ilimtoka. Polisi walivuta kitanda cha katekista nje. Hawakukuta kitu. Wakadhani amewahamisha, wakampiga kwa kitako cha bunduki mbavuni ili aseme wako wapi. Zéphirin alisema hajui wanachozungumza, na hiyo ilikuwa kweli kabisa, wakampiga tena. Chungu chake cha maji kilivunjika. Kisha ajenti akapaza sauti kwamba inatosha.

Alimgeukia André. Hakumsemesha kwa Kiswahili, na hakuhitaji. Aliirarua kaye kati kwa kati, akamvua kofia ya kazi kichwani kwa mkono wake, akaitupa ndani ya lori. Kabla hawajaondoka, polisi mmoja alimwona yule bata mama nyuma ya ghala ya mbegu. Ndiye ndege pekee mnene aliyebaki kijiji kizima. Wakamtia ndani ya tundu, peke yake, lori likaondoka.

Ndani ya nyumba, André aliketi juu ya sanduku.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Unajua waliniambia nini? Waliniambia, ulete orodha, ama uende mwenyewe porini kugema. Miaka kumi na tano ya kazi. Nifanye nini?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa." Ernestine alibaki amesimama. "Wewe ulichukua miguu yangu na kinywa changu, Baba Pascaline. Ulinituma na mutoto wa bata mukononi, ili watu wafungue mulango. Na jana barabarani, uliona?"

 André alijitazama mikono, na mpaka leo hakuna ajuaye angejibu nini.

Jioni ile Ernestine alichukua chungu chake kizuri, kile cha wafinyanzi wa Nyangwe, akakipeleka kwa Zéphirin. Alimweleza yote, hata ule uongo wa chini ya kitanda. Katekista alimsikiliza ameshika mbavu zake. Alikipokea chungu. Kisha akasema, "Nenda sasa, mama. Siku nyingine nitaweza kukujibu," akafunga mlango.

Musafiri naye alikuja asubuhi, akiwa na kifaranga mkononi, akamweka chini kizingitini.

"Sina ugomvi na wewe," alisema. "Umebeba jogoo wangu, nimesikia. Lakini kitu kilichoingia kwangu kina macho, siwezi kukifuga. Kila nikimtazama nitauliza, huyu ananiona?"

Wengine saba walibaki na vifaranga wao. Hakuna aliyesema kwa nini. Amisa alisema tu kwamba bata hana kosa, na kwamba mutu akikataa kila kitu kilichopita mikononi mwa Bulamatari, atakula nini?

Barua ilifika baada ya majuma mawili. André alishushwa cheo, akapelekwa upande wa Kabambare kusimamia watu wa barabara. Walikwenda kwa miguu siku tatu, yeye na sanduku, mkewe na kitunga chenye vifaranga watatu waliobaki, ambao sasa walikuwa wakubwa na wanalalamika njia nzima. Hawakuzungumza sana. Siku ya pili, mvua ilipowakuta, André alivua koti lake akafunika kitunga, na Ernestine aliona.

Kijiji kipya hakikuwajua. Asubuhi ya kwanza mwanamke mmoja, Mwamvita, alikuja kuomba moto. Aliwatazama bata uani, akatabasamu, akasema na yeye anafuga, kidogo tu, kule nyuma ya...

"Dada," Ernestine alimkatiza, "mume wangu anafanya kazi ya Bulamatari. Kwangu karibu kila siku. Lakini usiniambie unafugia wapi."

Mwamvita aliacha kutabasamu. Alimtazama mgeni kwa muda, kuanzia miguuni mpaka usoni. Akachukua kaa lake la moto kwenye kigae, akaenda zake bila kuaga.

Siku ya tatu alirudi na fungu la sombe, akaketi.